SOMO LA MATENGENEZO: ZANA ZA KUFUNGULIA NATI NA BOLTI ZILIZOSHIKA KUTU AU KULIKA PEMBE



Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona mkaguzi wa vyama vya ushirika, ambaye kazi yake ni vitabu vya hesabu, akiandika habari za spana na nati. Mimi si fundi. Niyajuayo juu ya vyuma nimeyapata kwa kusimama karibu na mafundi na kuwauliza. Lakini katika miaka yangu ya ukaguzi nimeona kwamba hasara ya chama haianzii daima katika sanduku la fedha. Mara nyingine huanzia kwenye nati moja, na mkaguzi huja kuiona baadaye, ikiwa imekwisha kuvaa vazi la hati ya malipo.

Katika safari zangu za upande wa Ikinga, wilayani Ileje, nilikagua vitabu vya chama kimoja cha msingi ambacho sitakitaja jina. Katika hati za mwezi Juni nilikuta malipo matatu yaliyofuatana: nauli ya pikipiki ya kumleta fundi, gharama za kuchomelea, na bei ya kipande cha chuma kilichoagizwa Mbeya. Maelezo ya hati zote tatu yalikuwa mamoja, yaani "matengenezo ya mashine ya kumenya kahawa". Nikamwomba Katibu anipeleke kwenye mashine yenyewe.

Mwendesha mashine, mzee mwenye umri wa kunizaa, alinieleza habari yote bila kuficha. Jiwe dogo liliingia pamoja na kahawa mbivu likaikwamisha ngoma. Ili kulitoa, ilibidi kufungua kile kibao cha mbele ambacho wao hukiita kifua cha mashine, kinachoshikiliwa na nati nne. Chama kilikuwa na spana moja tu, ile ya kurekebisha mdomo, ambayo mafundi wameipa jina la spana malaya kwa sababu huenda na nati yoyote. Nati tatu zilifunguka. Ya nne ikagoma, spana ikateleza, pembe zikalika. Wakaleta plaizi, ikateleza pia. Wakachomeka bomba la maji kwenye mpini wa spana ili kuongeza nguvu, nati ikazidi kuwa mviringo. Mwishowe kijana mmoja mwenye nguvu akaleta tindo na nyundo kubwa, akaipiga nati kwa ubavu. Nati haikusogea, bali sikio la mashine lililoishikilia bolti likapasuka.

"Mwanangu Mkaguzi," mzee akaniambia, "hatukukosa nguvu siku ile. Tulikosa spana ya nati hii."

Wenye kulima kahawa mnajua kilichofuata. Kahawa mbivu hutakiwa kumenywa siku ile ile ilipochumwa. Ikilala, huanza kuchacha ikiwa bado ndani ya ganda lake, na harufu yake haitoki tena hata ukiiosha mara ngapi. Mashine ilisimama siku tano. Kahawa iliyokuwa imekwisha kupokelewa iliuzwa katika daraja la chini. Miongoni mwa wenye kahawa hiyo alikuwamo mama mmoja aliyeteremka na mzigo wake kichwani tangu alfajiri. Jina lake nililiona katika daftari la mapokezi la siku ile, na katika daftari la msimu uliofuata sikuliona. Nilipouliza nikaambiwa kwamba sasa huuza kwa mchuuzi apitaye nyumbani. Hasara ya namna hiyo haina hati ya malipo.

Nilikipima kile kichwa cha nati mojawapo kati ya zile tatu zilizosalimika. Kilikuwa na upana wa milimita 18 hivi. Mzee alikuwa amesema kweli, nayo maana yake nitaieleza hapa chini.

KUTU HUFANYA NINI

Chuma hushika kutu panapokutana maji na hewa. Kutu huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko kile chuma ilichokila. Kwa hiyo kutu inapoota ndani ya hesi, yaani ile mikato iliyozunguka mwili wa bolti, hujaza uwazi mdogo uliokuwa kati ya bolti na nati, ikazibana kama kabari. Hapo hufungui tena nati peke yake, bali unapambana na nati pamoja na kabari.

Mashine zetu zina mambo mawili ya kuzidisha taabu hiyo. La kwanza, maji yatokayo katika maganda ya kahawa yana uchachu, na uchachu hula chuma upesi kuliko maji matupu. La pili, mashine hufanya kazi miezi michache tu ya mavuno, kisha husimama kipindi chote cha masika katika banda ambalo aghalabu halina kuta. Milima ya Ileje ina ukungu na mvua nyingi. Nati iliyofungwa mwezi Oktoba bila grisi, ukija kuigusa mwezi Juni, imekwisha kunyeshewa miezi kadhaa. Mashine ndogo za mkono ambazo wanachama wanazo majumbani zina tabia hiyo hiyo.

PEMBE ZA NATI HULIKA KWA SABABU GANI

Watu wengi husema, "Nati hii imelika kwa sababu ni ya zamani." La hasha. Uzee huleta kutu, lakini kinachokula pembe ni spana isiyolingana nayo. Napenda tukae kidogo hapa, kwa kuwa ndipo pesa ya chama inapopotelea.

Nati ya kawaida ina pande sita na pembe sita. Spana ya mdomo wazi hushika pande mbili tu. Ikiwa mdomo wake ni mpana kuliko nati hata kwa nusu milimita, spana huegemea ncha za pembe mbili badala ya kulala juu ya pande, na nguvu yote ya mkono hukusanyika kwenye ncha hizo. Chuma cha nati ni laini kuliko cha spana, nacho hukubali kukatwa. Spana malaya ni mbaya zaidi, kwa kuwa taya lake moja linatembea, na linapotembea huacha mwanya kila unapovuta. Sisemi isinunuliwe, inafaa kushikilia kichwa cha bolti upande wa pili, au kufungua bomba. Kuitegemea kwa nati iliyoshika kutu ni kuiandaa nati hiyo ilike.

Spana ya ringi huizunguka nati yote na kugawa nguvu katika pembe zote sita. Soketi nayo hufanya hivyo, na zaidi ya hayo hushuka chini ikaishika nati kwa kina chake chote. Soketi zipo za aina mbili. Iko yenye pembe kumi na mbili ndani, ambayo ni rahisi kuivisha katika nafasi finyu, lakini hushika karibu sana na ncha za pembe za nati. Iko yenye pembe sita, ambayo kuta zake hukandamiza pande za nati. Kwa nati iliyoanza kulika, chagua ya pembe sita bila kusitasita.

Sasa narudi kwenye ile nati ya milimita 18. Mashine zilizomo katika vyama vyetu zimetoka katika nchi mbalimbali na nyakati mbalimbali, na kila moja imekuja na vipimo vyake. Injini na mashine mpya, pamoja na zile za kutoka China, hutumia milimita. Bolti ya milimita 8 huwa na nati ya spana 13. Bolti ya milimita 10 huwa na nati ya 17, au 16 kwa zile zilizofuata utaratibu mpya. Bolti ya milimita 12 huwa na 19, au 18. Mashine nyingine zina vipimo vya inchi, ambavyo namba ya spana ni upana wa nati. Tena ziko zile za Kiingereza za kale, na injini nyingi za mtindo wa Lister, ziwe zile zilizotengenezwa Dursley nchini Uingereza au zile zilizoigwa huko India, ambazo hutumia utaratibu uliopendekezwa na mhandisi Joseph Whitworth mwaka 1841. Spana za utaratibu huu huandikwa herufi W, na namba yake si upana wa nati bali ni unene wa bolti. Kwa hiyo spana iliyoandikwa 3/8 W hufungua nati yenye upana wa milimita 18, ilhali spana ya inchi iliyoandikwa 3/8 bila herufi hiyo hufungua nati ya milimita 9 na nusu tu. Wananunuzi wengi wa vifaa wamerudi kutoka dukani na spana isiyofaa kwa kutojua jambo hili moja.

Angalieni basi hatari iliyopo. Nati ya 3/8 W ina milimita 18 na sehemu ndogo sana ya ziada. Spana ya 17 haiingii. Katika mafurushi mengi ya spana inayofuata ni ya 19, nayo huingia kwa raha, ikicheza karibu milimita nzima. Mtu huridhika kwamba imeingia. Nati ya 1/4 W ina milimita 13.3, watu huitia spana ya 14. Nati ya 5/16 W ina milimita 15.2, hutiwa ya 16. Nati ya 1/2 W ina milimita 23.4, hutiwa ya 24. Zote huingia, na zote hula pembe. Kwa upande mwingine, nati ya inchi 3/4 na spana ya milimita 19 hupatana vizuri, kwa kuwa tofauti yake ni sehemu tano za mia za milimita tu. Spana kuingia si dalili ya kulingana. Ivishe, kisha uitikise kwa vidole viwili. Ikicheza, itoe.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni lile bomba la kuongezea mpini. Bolti ya milimita 8 yenye alama 8.8 kichwani hukazwa kwa nguvu iliyo sawa na kuning'iniza kilo 13 hivi kwenye ncha ya spana ya sentimita 20. Kijana wa kilo 60 akiegemea bomba la sentimita 60 anaipa bolti ile nguvu mara kumi na nne ya hiyo. Hakuna bolti ya kimo hicho inayostahimili. Ama nati italika, ama bolti itakatika, na ikikatikia ndani ya mashine shida imeongezeka maradufu. Bomba lina kazi yake kwenye bolti nene za magurudumu ya lori. Kwenye mashine ya kahawa lisiingie bandani.

ZANA ZA KUNUNUA

Chama chenye mashine ya kumenya kahawa, au ya kusaga na kukoboa mahindi, hakihitaji karakana. Kabla ya kununua lolote, mwendesha mashine na apite kila nati ya mashine, aipime kwa kalipa au hata kwa kipande cha kadibodi kilichokatwa sawasawa, na kuandika orodha ya vipimo. Mzee wa Ikinga na mimi tulifanya hivyo kwa muda wa saa moja na nusu. Tulikuta vipimo saba tu katika mashine yote na injini yake. Kwa hiyo chama hakikuwa na haja ya furushi la spana arobaini, kilihitaji spana saba zilizo sahihi.

Kwa vipimo hivyo zinunuliwe spana zenye ringi upande mmoja na mdomo upande wa pili, na soketi za pembe sita pamoja na mpini wake. Ziongezwe brashi ya waya, nyundo ya kilo moja, tindo kali, tupa moja bapa, msumeno wa chuma na majani yake ya akiba, na plaizi ya kujifunga, ile ambayo mafundi huiita vaisigripu. Mafuta ya kupenya na grisi ni lazima. Vifaa vingine nitakavyovitaja baadaye, kama vile soketi za kung'olea nati zenye makali yaliyojipinda ndani, vinaweza kununuliwa na Chama Kikuu kwa ajili ya vyama vyote na kuazimishwa, kwa kuwa hutumika mara chache.

Ubora nao uangaliwe. Mjini Tunduma, ambako malori ya kwenda na kutoka Zambia hupita usiku na mchana, maduka ya spea ni mengi na zana ni za kila daraja. Spana iliyogongwa muhuri wa "Chrome Vanadium" aghalabu ni ngumu zaidi, ingawa muhuri pekee si kiapo, kwani hata ya bandia hugongwa muhuri. Njia iliyo bora ni kwenda na nati yako mfukoni. Ivishe dukani mbele ya mwuzaji. Spana hafifu hujulikana kwa mdomo usio na kingo kali na kwa jinsi inavyocheza hata ikiwa mpya. Spana hafifu ikivutwa kwa nguvu hupanua mdomo, na tangu siku hiyo ni adui wa kila nati. Bodi zinazonunua kwa kuangalia bei ya chini katika ankara tatu pekee, bila kuishika zana mkononi, hujikuta zikinunua tena msimu unaofuata.

NATI IKIGOMA

Usianze na nguvu. Anza na brashi ya waya, uondoe kutu na matope kwenye hesi zilizo wazi, maana uchafu huo ndio utakaoibana nati inapojaribu kutoka. Kisha tia mafuta. Dizeli na mafuta ya taa hupenya, lakini polepole. Oili ya injini ni nzito mno. Dawa ya kopo iitwayo WD-40, ambayo wengi huiamini kuliko zote, ilibuniwa Marekani mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji, na jina lake lamaanisha jaribio la arobaini la dawa hiyo. Inasaidia, ila kwa kutu sugu ni heri mafuta yaliyotengenezwa mahsusi kwa kupenya. Mafundi wengine huchanganya sawa kwa sawa mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni. Mchanganyiko huo hupenya vizuri sana, lakini hushika moto upesi mno, kwa hiyo usitiwe karibu na jiko wala sigara.

Ukisha kutia mafuta, ngoja. Hapa ndipo wengi hushindwa. Tia jioni, tia tena usiku, fungua asubuhi. Katikati ya kungoja, igonge nati kwa nyundo, si kwa hasira bali kwa mapigo mafupi ya kuitikisa, juu na pande zote. Mitikisiko huivunja kutu na kuyapa mafuta njia. Ikiwa nati iko kwenye sikio la chuma cha kusubu, yaani kile chuma kinachovunjika kama chungu, mtu wa pili ashike nyundo nzito nyuma yake kama egemeo. Yule kijana wa tindo angefanya hivyo, chama kisingeagiza kipande Mbeya.

Asubuhi vaa ringi iliyo sawa, na kwanza jaribu kuikaza nati kidogo, robo ya nywele tu, kisha ifungue. Kukaza huivunja kutu upande usiotegemewa. Ikisogea, irudishe, ongeza mafuta, isogeze tena, mbele na nyuma, kama mtu anayeng'oa kigingi ardhini. Vuta spana kuelekea kwako, usiisukume, ili ikiteleza usipige vidole ukutani. Tena hakikisha unazungusha upande unaostahili, kwani ziko bolti chache zenye hesi za kushoto, kama ile ya pedali ya kushoto ya baiskeli.

Ikikataa bado, moto. Chuma hutanuka kwa sehemu kumi na mbili za milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Tundu la nati ya milimita 12 likipashwa nyuzi 300 hupanuka kwa sehemu nne za mia za milimita, kiasi kilicho chini ya unene wa unywele. Ni kidogo, lakini kinatosha kuipasua kutu. Ipashe nati, usiipashe bolti, kisha ifungue ingali moto au itie mafuta inapopoa ili iyafyonze. Kabla ya hapo ondoa tangi la dizeli na futa mafuta ya kupenya yaliyomwagika. Na katika mashine ya kusaga nafaka moto usiwashwe kabisa ndani ya chumba. Vumbi la unga likitanda hewani huweza kulipuka kama petroli. Sehemu yenye nati ing'olewe ikapashwe nje, au kazi ifanywe kwa njia nyingine.

PEMBE ZIKIWA ZIMEKWISHA

Hapa sharti mtu achague kipi kiokolewe. Nati ni kitu cha bei ndogo, sikio la mashine ni ghali na liko mbali. Kwa hiyo tangu pembe zinapoisha, nati hiyo ihesabiwe kuwa imekufa, na kila zana ichaguliwe kwa namna itakavyoiua bila kuidhuru mashine.

Ikiwa pembe zimelika kidogo tu, soketi ya pembe sita iliyo ndogo kwa kiasi kidogo na igongewe juu yake kwa nyundo hadi ikabe. Soketi ya inchi 1/2 ina milimita 12.7, nayo hukaba vema nati ya 13 iliyolika. Kwa nati ya 19 ijaribiwe soketi ya 18. Ikiwa nafasi inaruhusu, tumia tupa kuzichonga pande mbili zinazotazamana ziwe bapa tena kwa spana ya kipimo cha chini yake. Ni kazi ya subira, lakini haigharimu chochote. Vaisigripu ibanwe kwa nguvu na meno yake yashike pande, si pembe. Plaizi ya kawaida mwisho wake ni kuilainisha nati iwe mviringo kabisa, kwa hiyo iacheni kwenye nyaya. Zile soketi za kung'olea, zenye makali yaliyojipinda, hujichimbia katika nati kadiri unavyozungusha, na ndizo zenye hakika kuliko zote hizo.

Hayo yote yakishindikana, ikate. Msumeno wa chuma upite kwenye ubavu wa nati sambamba na bolti, ukikaribia hesi simama, kisha tia tindo katika mkato na upige mara moja au mbili. Nati hupasuka na kuachia. Nusu saa ya msumeno ingemaliza habari yote ya Ikinga kwa gharama ya nati moja.

Bolti ikikatika na kuacha kisiki, mwiteni fundi wa kuchomelea. Fundi hodari huweka nati mpya juu ya kisiki na kuichomelea kwa ndani. Joto lenyewe hulegeza kutu na nati ile hutumika kukizungushia kisiki nje. Njia nyingine ni kutoboa kisiki katikati kwa drili na kutumia kile chuma chenye meno ya kinyume kinachojikaza kadiri unavyofungua. Chuma hicho ni kigumu sana na ni rahisi kukatika. Kikikatikia tundu la mashine hakitoboleki kwa drili ya kawaida. Simshauri asiye na uzoefu akijaribu.

KUFUNGA MSIMU

Mashine inapofungwa baada ya mavuno, kila nati na ifunguliwe, isafishwe, ipakwe grisi kwenye hesi na irudishwe. Zile zilizoanza kulika zitupwe. Wapo wanaobadilisha na kutia bolti za chuma kisichoshika kutu, nao hufanya vizuri, ila wajue kwamba nati na bolti za aina hiyo zikikazwa pamoja zikiwa kavu hung'ang'aniana zenyewe bila kutu yoyote. Hizo pia zipakwe grisi.

Zana ziandikwe katika daftari la vifaa, kila spana kwa kipimo chake, na si "spana, furushi moja" kama nionavyo mara nyingi. Azimaye atie sahihi, awe ni mwanachama au ni Mwenyekiti mwenyewe. Nimewahi kukuta soketi ya chama ikifungua trekta la mjumbe wa Bodi katika kijiji cha tatu, na mwendesha mashine akiogopa kuidai. Gharama za zana ziingizwe kwenye makisio chini ya kifungu chake, ili Mkutano Mkuu uzione na kuzipitisha. Katika chama nilichokieleza, mzee yule alikuwa ameomba spana kwa misimu mitatu mfululizo, na mara tatu ombi lake lilifutwa ili kupunguza matumizi. Barua zake zimo katika jalada, nimezisoma.

Vikundi vya masomo vijadili haya: Mashine yenu ina nati za vipimo vingapi, na kati ya hivyo ni vingapi ambavyo chama kina spana yake? Spana ya 3/8 W na ile ya inchi 3/8 zina tofauti gani? Nati ya kifua cha mashine ikigoma saa tatu asubuhi, na wanachama wamekwisha kupanga foleni na kahawa mbivu, ni nani mwenye mamlaka ya kuamuru ikatwe kwa msumeno mara moja, au ni lazima Bodi ikutane kwanza? Swali hili la mwisho lijibiwe kwa maandishi na nakala iwekwe bandani, karibu na mashine, kabla ya mwezi Juni.